Naomba ushauri: nataka kuchangia Joomla, lakini PHP yangu ni ya kuombea maji

Korosho_Ghafi (Mtwara)
Wakuu habari za jioni. Nipo Chikongola. Chama kimoja cha msingi cha wakulima kiliniomba tovuti ya matangazo ya msimu: siku za minada, bei, mikutano. Nikatumia Joomla, mfumo wa kutengenezea tovuti, maana ni ya bure na nilishaichezea kwenye XAMPP, ile seva ya majaribio ya kwenye kompyuta yako mwenyewe. Wazee wakasema hawataki kuona "Read more", wanataka Kiswahili kitupu. Nikafungua faili za lugha nikabadilisha maneno moja moja, usiku mbili mfululizo. Wiki iliyopita nimesasisha toleo, yote yamerudi Kiingereza. Nusura nilie.

Nilikosea wapi? Na kazi kama hii naweza kuipeleka kwenye mradi wenyewe, imfae na mwingine? Nawasilisha.

Fundi_Nyaya
Pole mkuu. Zile ni faili za mfumo, sasisho likija linaziandika upya. Nenda System, kisha Language Overrides, uweke maneno yako huko. Yanakaa kwenye faili lake pembeni na sasisho haliligusi. Angalia tu uchague upande wa Site. Wengi wanaweka Administrator, halafu wanashangaa tovuti haijabadilika.

Mjukuu_wa_Mikindani
Yaani ununue bando lako, ufanye kazi ya bure? Tafuta wateja, kijana.

Fundi_Nyaya
Mjukuu, hiyo Joomla anayolipiwa kuitumia kuna watu waliiandika bure. Tena si lazima ujue PHP, lugha ya programu iliyotumika kuiandika. Rekebisho halipokelewi mpaka watu wawili walijaribu na kuthibitisha kwamba linafanya kazi. Ukiwa na akaunti ya GitHub, tovuti ambako msimbo wa Joomla unatunzwa, na XAMPP yako, unaweza kuwa mmoja wao.

Bi_Mwambao (Lindi)
Mwanangu, mimi nimehangaika na tafsiri za programu huria, nikwambie palipo na kazi. Kwanza jina lenyewe ni letu: mwaka 2005 mafundi walipojitoa kwenye mfumo ulioitwa Mambo (ndiyo, Mambo!) wakatafuta jina, wakachukua "jumla" yetu na kuliandika kwa masikio ya Kiingereza. Halafu unakuta anayeitafsiri kwa Kiswahili wa kutafuta kwa tochi.

Mstari wa faili uko hivi:

JGLOBAL_READ_MORE_TITLE="Soma zaidi: %s"

Kushoto usiguse. Na hiyo %s iache, ndipo kichwa cha makala kinapoingia.

Hapo ni rahisi. Ugumu ni ngeli. Chukua JPUBLISHED, yaani "Published". Neno hilo hilo moja linatokea kwenye makala, kwenye kiungo cha menyu, kwenye moduli. Makala imechapishwa, kiungo kimechapishwa. Sasa uandike lipi? Mzungu hana shida hiyo, kwake kitenzi hakimfuati mwenye nacho. Waliotafsiri kwa mashine huweka "Imechapishwa" kote na kiungo kinabaki kulia. Mimi natafuta neno lisilobeba ngeli. Hapo niliweka "Hewani".

Anza na maneno hamsini ambayo wazee wako wanayaona kila siku. Wakiyaelewa, ndipo uwaandikie timu ya tafsiri ya Joomla uulize utaratibu wao. Usianze na faili zima, utachoka.

Korosho_Ghafi (Mtwara)
Shikamoo Bi Mwambao, na ahsante Fundi. Overrides imekubali, nimesasisha tena kwa makusudi na maneno hayajaondoka.

Ila "Hewani" imegoma. Katibu wa chama, ndiye anayepandisha matangazo, kaliona akaniuliza redio iko wapi. Nimeweka "Wazi", na kwa yasiyochapishwa "Bado". Tangazo wazi, kiungo wazi, maghala wazi.

Bi_Mwambao (Lindi)
Marahaba. "Wazi" nakuibia. "Bado" sina hakika nayo: tangazo lililoondolewa baada ya mnada utaliitaje "bado"?

Korosho_Ghafi (Mtwara)
Duh. Hilo sikuliwaza. Ngoja nirudi kwa katibu.