Kushindilia risasi wenyewe nyumbani, kuna unafuu kweli au maneno tu?

Mlenga_Shabaha:
Wakuu habari zenu. Mimi na mke wangu tuko klabu ya shabaha, vibali tunavyo, raifo mbili, sasa kijana wetu wa miaka 14 nae kanogewa na hapo ndo hela inapokatika, maana watu watatu mkikaa kwenye laini asubuhi moja maboksi yanaisha kama karanga. Naona wenzetu Marekani wanaokota maganda ya risasi zilizopigwa wanaenda kushindilia, yaani kuyajaza upya, wenyewe nyumbani, familia nzima. Swali, unafuu upo au ukishanunua mashine na mazagazaga yake unarudi palepale? Na dogo asaidie au akae mbali kabisa?

Fundi_Maganda:
Karibu mkuu. Kabla ya hela, sheria. Kibali cha bunduki sio lazima kikuruhusu kushindilia, kuna nchi ruksa, kuna nchi wanataka leseni nyingine na kuna nchi ni kosa kabisa, kaulize kwa waliokupa kibali kabla hujanunua hata skrubu moja.

Haya hesabu sasa. Risasi nzima ina vitu vinne, ganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa (kile kinachoruka). Ukifyatua vitatu vinaenda zake, ganda unabaki nalo, na kwenye raifo ganda ndo limebeba sehemu kubwa ya bei, ukilitunza unalishindilia tena na tena mpaka lianze kupasuka shingo. Unafuu wote uko hapo. Baruti wengi wanaipima kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, na pauni moja ni greni 7000, tuseme mfano wa hesabu tu kila ganda linakula 40, pauni moja inakupa risasi 175, weka bei za kwenu hapo ujionee mwenyewe. Bastola ya 9mm usihangaike, viwanda vinazitoa nyingi mno tofauti ya bei ni kiduchu. Kwenye raifo ndo utaiona, hasa kama kaliba yako (saizi ya risasi) ni zile adimu.

Halafu ukiokota maganda mulika ndani na tochi. Tundu moja katikati ya kitako ni Boxer, hilo chukua. Vitundu viwili ni Berdan, fataki yake haitoki kwa mashine za kawaida, achana nalo.

MamaTarget:
Msimdanganye kaka wa watu 😂 sisi kwetu bajeti haikushuka hata kidogo, tunalenga mara mbili ya zamani kwa hela ileile basi. Kama hilo kwako ni unafuu karibu sana.

Dada_Mizani:
Mimi nijibu la mtoto maana naona wote mnaliruka. Madini ya risasi ni sumu na WHO wenyewe wanasema hakuna kiwango kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, watoto ndo wanaumia zaidi. Watu wanadhani iko kwenye kichwa tu kumbe vumbi la fataki zilizopigwa nalo linayo, sasa ukisafisha maganda kwa ile mashine ya kavu halafu ukamwaga vumbi ndani ya nyumba umewalisha wote. Osha kwa maji. Meza ya chakula usiiguse kwa kazi hii, hakuna chai wala vitafunwa pale, mikono na sabuni ukimaliza.

Dogo mpe maganda yaliyokwisha kuwa safi, apime urefu kwa kalipa (kile kifaa cha kupimia cha kubana), atoe yenye nyufa, aandike lebo za maboksi. Wangu anapenda kalipa kuliko kulenga kwenyewe sijui kwanini. Baruti na fataki abaki nazo mtu mzima mmoja, simu mbali, TV imezimwa, kopo moja tu la baruti mezani ili usije ukachanganya mbili. Ukishajaza yapange maganda yote wima kwenye trei yake, mulika kwa juu kabla hujaweka kichwa hata kimoja, kina cha baruti kiwe sawa kote. Lililopanda juu limejazwa mara mbili na hilo linapasua bunduki usoni kwako, lisilo na kitu nalo linaweza kukwamisha kichwa katikati ya mtutu, ukipiga ya pili nyuma yake balaa lilelile. Ukitilia shaka moja mwaga yote uanze upya.

Mlenga_Shabaha:
Dada umenitisha ila asante sana. Nianze na mashine gani, ile ya hatua moja au ile ya kuzunguka inayofanya yote kwa mpigo?

Fundi_Maganda:
Hatua moja. Inachosha, ila unaliona kila ganda kwa macho yako. Na kabla ya mashine nunua kitabu cha vipimo cha watengenezaji wa baruti au wa vichwa, unaanza na kipimo cha chini unapanda taratibu, usichukue vipimo vya watu wa mtandaoni hata mimi nikikupa kataa.

MamaTarget:
Na uongeze na shelfu maana maganda yatajaa nyumba nzima.