Nasoma fizikia ila nataka kuingia kwenye mambo ya seli, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu. Nipo mwaka wa 3 fizikia, sasa mdogo wangu ana selimundu na juzi nimekesha nae wodini analia miguu inauma, nikawa najiuliza humo kwenye damu kinatokea nini hasa. Nikaanza kusoma, aisee! Seli nyekundu ina upana kama maikromita 8 ila inajikunja inapita kwenye vimishipa vyembamba kuliko yenyewe, ya mdogo wangu oksijeni ikipungua himoglobini (protini inayobeba oksijeni) zinashikana zinakuwa kama nyuzi, seli inakakamaa inaziba njia. Hizo si ndo springi na mabomba tunayopigia hesabu kila siku! Hata mwanakemia Linus Pauling na wenzake mwaka 1949 walitumia umeme kuonyesha himoglobini ya selimundu ina chaji tofauti na ya kawaida.

Sasa nataka masta nisome baiofizikia ila baiolojia niliiacha kidato cha 4. Nianze na baiokemia au kuandika kodi za kompyuta? Na darubini ya kawaida ya maabara inatosha projekti ya kuangalia seli zinavyobadilika umbo? Mwalimu mmoja kaniambia napotea njia, roho inakataa kabisa. Mliopita huku nisaidieni jamani.