Kwani kuprinti ni dhambi? Nimedhalilishwa leo Njiro, mpaka sasa natetemeka

Wakuu, salamu baadaye. Mnamjua. Ni yule mwenzangu wa ofisini, wa skafu mwezi wa kwanza.

Nilikuwa na kodi (code) ya Clojure, lugha ya programu ya ukoo wa Lisp, ya kujumlisha malipo ya wageni wa safari. Asubuhi jumla ilikuwa pungufu. Nimehesabu mabano mpaka macho yamekuwa nyanya za Tengeru. Nikaweka println, amri ya kutoa maneno kwenye skrini, nione programu inafika wapi. "Nimefika hapa." "Nimefika hapa tena." "Mungu nisaidie." Kufika saa nne jumla inatoa nil kabisa, yaani hakuna kitu. Kosa langu liko wapi?

Akasimama nyuma ya kiti changu AKAZISOMA KWA SAUTI. Mbele ya wanafunzi wa fildi! "Mungu nisaidie", kwa sauti ya mchungaji wa mkesha. Mama wa chai akaitikia "Amina". AMINA, wakuu!

Eti mtu mzima haprinti. Lisp ipo tangu 1958, na hiyo REPL anayoringia, ile sehemu ya kujaribia kodi papo hapo, P yake ni ya nini kama si print? Lakini kusoma kwa sauti? Mbele ya watoto?

chalii_wa_sakina: Arif, println uliiweka mstari wa mwisho wa funksheni, sivyo? Ya Clojure inarudisha nil. Nil umeileta mwenyewe halafu unamlilia mtu. Print ya Common Lisp ndiyo inakurudishia kitu chako.

Mleta mada: Sijauliza habari ya nil! Amesoma KWA SAUTI!

kibo_baridi: Andika (doto x prn). Kama pacha wa Kulwa. Inaprinti, na x yako inarudi salama.

mbege_moto: Afadhali wewe umeona kitu. Mimi niliweka println ndani ya map, ile funksheni ya kupitia orodha kitu kimoja kimoja, kimya. Map ni mvivu, matokeo yasipoitwa haifanyi kazi. Nimekesha hapa Moshi namlaumu fundi wa kompyuta bure.

dalali_kaloleni: Mwandishi wa programu wa kwetu aliprinti (iterate inc 0) bila kuweka *print-length*, kile kikomo cha kuprinti. Namba hazina mwisho zile! Mashine ikaganda na ripoti yangu ambayo sijaisevu. Hata pole hajasema.

Mleta mada: Mnanielewa lakini? Mama wa chai kasema Amina.

chalii_wa_sakina: Na alisema vizuri.

mbege_moto: Huyo mama ana chapati? Za huku Majengo siku hizi unaona ng'ambo.

dalali_kaloleni: Usinikumbushe. Jana nimepewa mbili zimegandana, nikahesabiwa tatu.