Mwenye lori ametuletea karatasi ya kusaini: madai ya majeruhi humalizwaje?

Mwana wa Urambo:
Wanajukwaa, habari za leo. Mdogo wangu anaendesha bodaboda hapa Urambo. Mwezi Machi aligongwa na lori lililobeba tumbaku, akavunjika paja, akakimbizwa Tabora mjini ambako alifanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Kesi ya trafiki imekwisha: dereva alikiri kosa, akalipa faini. Sasa mwenye lori amekuja na mzee mmoja wa mtaa, akaweka mezani shilingi milioni moja na nusu pamoja na karatasi ya mkono inayosema mdogo wangu "amepokea fidia yote na hatadai tena popote". Kwa maelezo yake, faini ilimaliza mambo na anachotoa yeye ni ubinadamu tu. Mama anataka tupokee, kwa kuwa madeni ya matibabu yanatukaba. Je, kisheria madai ya namna hii humalizwaje, au tukienda mahakamani tutazeekea huko?

Karani Mstaafu:
Ndugu, poleni. Faini ile imeingia serikalini, wala haihusiani na fidia ya majeruhi, kwa sababu kesi ya jinai ni ya Jamhuri na madai ya fidia ni ya mdogo wako. Tena kukiri kwa dereva kunawasaidia: kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai iliyomtia mtu hatiani, muda wa rufaa ukishapita, huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa lile. Ombeni nakala yake mahakamani, na muitunze pamoja na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ramani ya ajali na stakabadhi zote, hata za nauli na dawa, kwa kuwa fidia ya gharama halisi hudaiwa kwa kutajwa moja moja na kuthibitishwa, tofauti na ile ya maumivu na ulemavu ambayo hakimu huikadiria mwenyewe.

Kuhusu kuzeeka mahakamani, madai mengi ya ajali huishia kwenye makubaliano. Lori lazima liwe na bima ya kuwalinda watu wengine, na namba ya gari inatosha kuhakiki bima hiyo katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Huanza barua ya madai kwa mwenye gari na kampuni ya bima, kisha majadiliano. Yakishindikana, mnafungua shauri ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, na kabla ya ushahidi kusikilizwa mahakama huwapeleka wadaawa, yaani pande zote za kesi, kwenye usuluhishi wa siku 30. Mkielewana, hati ya maridhiano husajiliwa na kuwa hukumu ya makubaliano, ambayo kwa kawaida haikatiwi rufaa. Kwa hiyo tatizo langu si kupatana. Tatizo ni kupatana leo, wakati hakuna daktari aliyeandika kama mguu utapona sawasawa, utabaki mfupi, au utahitaji upasuaji mwingine.

Shangazi wa Kasulu:
Naunga mkono. Jirani yetu hapa Kasulu alisaini karatasi kama hiyo akiwa bado na magongo. Chuma kilipotakiwa kutolewa, mwenye gari alimwonyesha saini yake. Mwanangu, mwambie mama fedha hazikataliwi, kinachokataliwa ni maneno. Pokeeni, lakini muandike "sehemu ya gharama za matibabu, bila kuathiri madai mengine", na nakala moja ibaki kwenu. Akikataa maneno hayo, mtajua alikuwa analipia nini.

Mwana wa Urambo:
Asanteni sana. Mwenye lori anasema pia kwamba mdogo wangu hakuvaa kofia ngumu, hivyo hana haki. Na ikionekana lori halina bima?

Karani Mstaafu:
Kosa la majeruhi hupunguza fidia kwa kiasi lilivyochangia ajali au madhara, halifuti madai yote. Kofia ingelinda kichwa, na kilichovunjika ni paja. Hoja hiyo haina uzito hapa. Bima ikikosekana, anabaki mwenye lori mwenyewe, kwa kuwa mwajiri huwajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini. Lori hilo hilo laweza kukamatwa na kuuzwa wakati wa kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, ndiyo maana inafaa mjue mapema limesajiliwa kwa jina la nani. Bima ikiwepo, kampuni ipewe taarifa ya shauri kwa maandishi mapema, maana isipopewa inaweza kukwepa kulipa hata mkishinda. Kama wakili ni gharama kubwa, ulizeni ofisi ya halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Lakini kwanza rudini kwa daktari aliyempasua, aandike ripoti yenye asilimia ya ulemavu. Bila karatasi hiyo, hata mimi siwezi kuwaambia kama milioni moja na nusu ni ndogo au ni dhihaka.