Tupeane uzoefu: unajipangaje kwenye biashara yako ndogo hapa Dodoma na kanda ya kati?

Mwanzisha uzi (fotokopi na vifaa vya ofisi, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM)

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wetu sisi wenye genge, duka, saluni, mama lishe, mafundi, mawakala. Habari za mtaji tumeshazijadili sana. Leo naomba tuongelee kujipanga, kwa sababu aliyejiajiri hana bosi wa kumuuliza umefungua saa ngapi, hana mshahara wa mwisho wa mwezi, na hana wa kumkataza kuchota droo.

Naanza na langu. Wengi wakihamia hapa wanaamini kwamba mji wa serikali una pesa mwaka mzima. Sivyo. Bunge la bajeti linaanza Aprili linaisha Juni, na miezi hiyo nyumba za wageni zinajaa na bodaboda hawapati muda wa kukaa kijiweni. Mavuno ya mahindi, mtama na alizeti yanaanza kuingia Mei. Zabibu zinavunwa mara mbili, kuanzia Februari na tena kuanzia Agosti. Kwangu mimi kinachoamua yote ni chuo: wanafunzi wakiondoka katikati ya mwaka, mashine ya fotokopi inapumzika mpaka warudi kuelekea mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo ninayo kalenda ya ukutani, ile ya bure wanayogawa maduka ya jumla Desemba. Nimeipaka rangi: kijani miezi ya kuuza, nyekundu miezi ya kubana. Juu yake nimeandika kila kinachodai pesa: ada ya watoto Januari, kodi ya fremu, leseni, na awamu nne za kodi ya mapato ya TRA (mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba). Kila wiki ya kijani natoa fungu la mwezi mwekundu, naliweka kwenye akaunti isiyo na kadi. Kalenda hiyo ndiyo inayoniambia lini ninunue rimu, lini nimpe kijana wangu likizo, na lini nikatae kununua mashine mpya hata kama nimeitamani.

Nanyi mnafanyaje? Wiki yako unaipangaje? Unajilipaje? Ndugu wakikopa unawajibu nini?

Mama lishe, Mtumba

Asante mwanzisha mada. Wateja wangu ni watumishi wa wizarani na vijana wa ujenzi. Siku yangu naipanga jana yake, nikishaosha vyombo. Naandika sahani ngapi za wali, ngapi za ugali, mboga gani, na nani kaniagiza. Ofisi nyingi zinanitumia oda kabla ya saa nne asubuhi. Inayochelewa inakula kilichobaki, na wameshazoea. Tangu niwe na utaratibu huo sioni tena chakula cha kumwaga.

Kwenye pesa nina mpangilio mmoja siuvunji. Jioni nikikaa kuhesabu, noti za kwanza ni za sokoni kesho: mchele, maharage, mafuta, nyanya. Zinaingia kopo la kwanza. Zinazofuata ni gesi na mkaa. Halafu ujira wa dada anayenisaidia, unawekwa kila siku hata kama analipwa Jumamosi. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo changu na wanangu. Siku nyingine ni elfu tatu tu, na tunakula tulichopika.

Kila deni naliandikia jina na kuliwekea kikomo. Mtumishi anakula kwa daftari mpaka mshahara utoke, lakini mtu mmoja hapiti sahani kumi. Ya kumi na moja analipia kwanza. Nimewaeleza wote kwa heshima, wala hakuna aliyenuna.

Nafaka, Kibaigwa

Salaam wakuu. Huku sokoni kwetu kila siku ya soko naandika bei ya gunia kwenye daftari, niuze nisiuze. Ukiwa na bei za misimu kadhaa mkononi, dalali hakuyumbishi kwa maneno. Nanunua wakati wa mavuno, Mei mpaka Julai, nauza mvua zikishaanza na maghala ya watu yameisha. Naweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, kwa sababu ya dumuzi, na kabla ya kufunga naangalia mahindi yamekauka kweli: unang'ata punje, ikivunjika kwa mlio ni sawa, ikibonyea rudisha juani.

Mzigo wote siuweki kusubiri bei. Sehemu nauza mapema nipate hela ya kuzungusha, maana bei inaweza kubadilika kwa tangazo moja tu la mpaka kufungwa.

Wakala wa miamala, Makole

Kwangu ni kufunga hesabu tu, asubuhi na usiku. Taslimu jumlisha floti (salio la kwenye simu) lazima ilingane na jana ukiondoa nilichotoa. Isipolingana silali mpaka nijue imepotelea wapi, kwa sababu kesho yake itakuwa imeshafunikwa na miamala mingine. Na laini ya familia ni nyingine kabisa. Mtu akinipigia "nitumie elfu hamsini nitakurudishia", anajibiwa kutoka laini ile, na kama haina kitu ni kweli haina kitu.

Fundi cherehani, Chang'ombe

Nimefurahi kuona mada hii, kwa sababu sisi mafundi tuna jina baya la ahadi. Mteja anaambiwa njoo Ijumaa, anakuja Ijumaa anakuta kitambaa hakijakatwa. Wengi wanadhani ni tabia. Mimi naona ni hesabu: fundi anapokea kila kinachokuja bila kujua ana uwezo wa kushona nguo ngapi.

Nilikaa na saa. Gauni la kitenge lenye bitana linanichukua karibu siku nzima ukijumlisha kukata, kushona na kupiga pasi. Sketi ya sare ya shule ni saa mbili. Suruali ya kiume ni nusu siku. Nikachora ukutani jedwali la wiki, kila siku ina saa nane za kushona, na umeme ukikatika kuna saa inayoliwa, kwa hiyo nahesabu saba. Oda ikija naitafutia nafasi mbele ya mteja, anaiona mwenyewe. Jumanne imejaa, Jumatano imejaa, mama yangu nafasi ipo Alhamisi. Akikubali ananilipa nusu. Akikataa namwelekeza kwa jirani yangu, fundi mzuri, na yeye akijaa ananirudishia.

Nusu ile siigusi. Inaingia kwenye bahasha pamoja na kipande cha kitambaa chake na vipimo, bahasha inabandikwa tarehe. Uzi, zipu na bitana vinanunuliwa kutoka bahasha hiyo hiyo. Nguo ikishachukuliwa ndiyo pesa inakuwa yangu. Wiki za kuelekea Idi na Krismasi nafunga kupokea oda mapema na naandika mlangoni. Mwanzoni watu walinuna. Sasa wanaleta vitambaa mwezi mzima kabla.

Tena, Jumapili sishoni. Macho na mgongo ndiyo mtaji wangu.

Mashine ya alizeti, Singida

Langu ni fupi. Msimu wa kukamua una kelele nyingi, msimu wa kimya ndiyo wa kujipanga. Miezi isiyo na alizeti nafungua mashine, nabadilisha beringi na mikanda, nazungukia wafugaji wanaochukua mashudu tuandikiane bei. Ukisubiri beringi ife mwezi wa sita, foleni ya magunia inahamia kwa jirani.

Mama wa kikoba, Nkuhungu

Naongezea upande wa akiba. Kikoba chetu kinavunjwa Desemba, na Desemba ndiyo mwezi wenye mikono mingi: sikukuu, nauli za kwenda kijijini, halafu Januari ada. Wenzangu wawili na mimi tumekubaliana kwamba siku ya kuvunja tunakwenda pamoja sokoni Majengo, tunanunua mzigo kwanza, ndipo tunarudi nyumbani. Kwenda watatu kunasaidia, mmoja akilegea wengine wanamkumbusha.

Vijana, akina mama na wenye ulemavu msiisahau mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Inataka kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo anza kukipanga kikundi wakati hujabanwa. Aliyebanwa ndiye anayekimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, na ile inakuja kuchukua mpaka friji. Jamani, naomba sana, tusifike huko.

Mgeni, mitumba, kutoka Kondoa

Kaka na dada zangu shikamooni. Nauza nguo za watoto soko la Sabasaba. Mauzo yangu ni kama elfu ishirini kwa siku. Mnasema kujilipa, mimi nitajilipa nini hapo? Na TRA wakinikadiria si ndiyo nimekwisha?

Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu. Tukae kwenye elfu ishirini hiyo hiyo. Toa gharama ya nguo ulizouza siku hiyo, tuseme elfu kumi na mbili, hiyo ni ya mzigo unaofuata na haina ruhusa ya kula. Toa ushuru na nauli. Inayobaki, tuseme elfu sita, igawe: elfu nne yako ya kuishi, elfu mbili inakuza biashara na kusubiri siku mbovu. Jilipe kwa wiki, si kila ukisikia njaa. Mwezi wa kijani ukija usijipandishe mshahara haraka, acha miezi mitatu ipite uone kama ni mauzo ya kweli au ni msimu.

Kuhusu kodi usiogope kabla hujapiga hesabu. Ukiuza elfu ishirini kwa siku 300 ni mauzo ya milioni 6 kwa mwaka. Kwenye viwango vya wafanyabiashara wadogo, mauzo ya kati ya milioni 4 na 7 kama huna kumbukumbu unalipa 100,000. Ukiwa na kumbukumbu unalipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Kwako kilichozidi ni milioni 2, kodi ni 60,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kila awamu. Shilingi elfu arobaini inaokolewa na daftari la elfu moja.

Andika kila siku tarehe, ulichouza, ulichonunua, na tunza risiti za mzigo kwenye mfuko mmoja. Unapokwenda kukadiriwa mwanzoni mwa mwaka, nenda na daftari lenyewe mkononi.

Fundi cherehani, Chang'ombe

Na ukipata nguo za watoto zenye zipu mbovu, niletee. Nafasi ipo Jumatatu asubuhi.