Naomba ushauri: tiketi na hoteli, mashindano ya softboli ya Big 12 Oklahoma City

Wakuu habari zenu. Mpwa wangu anacheza softboli (mchezo wa kufanana na besiboli) kwenye chuo kimojawapo cha Big 12, ile konferensi, yani kundi la vyuo vya Marekani vinavyoshindana michezo, yeye ndo mrushaji, na mwezi wa tano timu zinakutana Oklahoma City pale uwanja wa Devon Park kugombea ubingwa wa konferensi. Mi nakaa Dallas, kwa gari ni kama masaa matatu tu, ila nina mama yangu kaja kututembelea toka Mwanza na kasema haondoki Marekani bila kumuona mjukuu wake akirusha ule mpira.

Sasa mtoano wenyewe ukifungwa mechi moja tu umetoka, kwahiyo nikilipia hoteli na tiketi mpaka fainali halafu wakatolewa siku ya kwanza hela ndo imeenda, nikisubiri nako naogopa vyumba vya karibu na uwanja vitajaa. Na bingwa anaingia moja kwa moja mashindano ya taifa ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani) yenye timu 64, timu yao haina matokeo ya kutegemea kuchaguliwa bila kuwa bingwa, yani hapa ndo pa kufia, lazima tuwepo.

Mliowahi kwenda, mnakata tiketi ya siku moja moja au ya mashindano yote? Na upande gani unapata kivuli mchana? Mama magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi, na mwezi wa tano Oklahoma radi zikianza mechi inasimamishwa, huwa watu mnajisitiri wapi?