Naomba ushauri: Peugeot 404 ya mzee, nipige rangi upya au niiache?

Heshima kwenu wakuu. Nipo Tanga, Raskazone, bahari ipo jirani kabisa. Nina Peugeot 404 ya marehemu baba, sedani ya 1967. Mwaka huohuo Bert Shankland wa hapahapa Tanzania alishinda Safari Rally kwa 404, mara ya pili mfululizo, basi mzee alikuwa haambiliki kuhusu hii gari!

Sasa nataka kuipeleka kwenye maonyesho ya klabu ya magari ya zamani, ambako majaji hukagua uhalisia: rangi, viti, injini, hadi boliti. Injini haina neno. Shida ni bodi. Rangi ni ileile ya kiwandani, imepauka kwenye paa, na chumvi ya bahari inakula chini ya milango na juu ya matairi. Nimekwangua kwa msasa, nikapaka dawa ya kutu na praima. Ilitulia, masika yalipokuja ikafumuka tena.

Fundi bodi mmoja anataka akwangue gari zima, ajaze puti, apige rangi mpya. Nasita, maana puti juu ya kutu ni kuficha tu, chini bati linaendelea kuliwa.

Naomba kujua: kwa waliowahi kushindanisha, rangi ya asili iliyopauka inapata alama nzuri kuliko mpya? Na je, inawezekana kukata bati bovu na kuchomelea jipya bila kuharibu rangi ya pembeni? Mwenye kumjua fundi wa kazi hiyo, Tanga au Dar, anielekeze tafadhali.